Harufu ya Maziwa Kwenye Moteri

Mama yangu, Kavuo, hawezi kununua kitu bila kukisumbua. Nyanya ataiminya, sabuni ataikwaruza kwa ukucha na kuinusa, tochi ataiwasha na kuizima mpaka muuzaji achoke kumtazama. Watu wa Kashuga, ambako ana duka, wanasema hiyo ni Butembo, mji wa biashara alikotoka, iliyomo ndani yake. Mimi nasema ni ukaidi mtupu, na nina haki ya kusema hivyo, maana mimi, Aimée, ndiye mwanawe wa pekee.

Kwa hiyo nikikwambia kwamba siku moja mama huyu alichagua radiateri ya gari lake kwa muda mfupi kuliko anaoutumia kuchagua vitunguu, ujue kulikuwa na jambo.

Gari lenyewe kwanza. Baba alilinunua likiwa Hilux ya kawaida, pikapu ya mizigo midogo. Barabara za Masisi zikalishinda. Akalitia resorti, zile springi za lori, chini, akaliongezea vyuma vya kushikilia abiria pembeni, na mwishowe, yeye na Michel, fundi wa Kitchanga, waling'oa moteri yake, yaani injini, wakaweka ya Canter. Moteri ya lori ndani ya pikapu! Ilijaa hadi boneti ikakataa kufunga, ikawa inakazwa kwa kamba za mpira. Feni ilikaribia kuigusa radiateri. Lakini gari lilipanda milima ambayo magari mengine yaliitazama kwa mbali, na mlio wake tuliufahamu kabla halijafika kanisani. Baba alipofariki, mama alianza kuifuta moteri ile kila Jumamosi jioni, kwa kitambaa safi, kama wengine wanavyofuta picha ya marehemu. Sikuwahi kumtania kwa hilo.

Shoferi alikuwa Sebagabo, mtu wa Nyamitaba, wa familia ya wafuga ng'ombe. Mpole, mrefu, mwoga wa mama yangu. Mkewe, Kanyange, alitengeneza fromaji, ile jibini ya milimani, na kila safari Sebagabo alitoka kwake na kibidoni cha njano, kidumu kidogo chenye yale maji yanayobaki fromaji ikishakamuliwa. Wengine huwapa nguruwe. Sebagabo aliyamimina kwenye radiateri. Radiateri yetu ya zamani ilikuwa ya shaba, nzee, yenye kuvuja hapa na pale, na madereva wote wa maziwa wa kule milimani walikuwa na dawa hiyo moja: maji ya fromaji yakipata moto yanaganda punjepunje, punje inakwenda kukwama kwenye tundu, uvujaji unakoma. Njia za radiateri ya shaba ni pana, kwa hiyo punje zilizobaki zilizunguka humo bila kumdhuru mtu. Baba aliikubali dawa hiyo. Mama alisema ni uchawi wa Nyamitaba, lakini aliona inafanya kazi, akanyamaza.

Basi. Mwaka 2008, miezi ile ya vita, mimi nilikuwa Ntoto, kule chini msituni, upande wa Walikale. Mama ndiye aliyenipeleka. Alitaka tawi la duka: chumvi, sabuni, mafuta ya taa, betri. Nilimwambia sitaki. Akasema nitazoea. Nilikaa kule na hasira yangu, nikauza chumvi, wala sikumtumia salamu hata moja. Ndivyo tulivyokuwa sisi wawili wakati wenye silaha walipoanza kusogea.

Habari ilimfikia mama kwa phonie ya paroisse, ile redio ya mapadri: watu wanaondoka Ntoto, njia itafungwa wakati wowote, binti yako bado yuko. Hakufunga hata duka. Alimwita jirani alishike, akapanda gari, akamwambia Sebagabo, "Tuende tuchukue mutoto."

Sehemu inayofuata sikuwepo. Naisimulia walivyonisimulia wote wawili, kila mmoja akimkatiza mwenzake.

Kabla ya kufika Kitchanga, kipande cha feni kilikatika kikaruka ndani ya radiateri. Kilichana shaba kutoka juu hadi katikati. Hakuna maji ya fromaji ya kuziba jeraha kama lile. Gari lilisukumwa hadi kwa Michel, na Michel, baada ya kubadilisha feni, akatoa uani radiateri nyingine ya shaba, ya lori lililokufa, nzito kama jiwe la kusagia.

"Mama, hii ya cuivre njo inafaa moteri yako," alisema. "Njia zake ziko pana, na siku itatoboka nitaisude, nizibe tundu. Lakini iko nene. Moteri haikuacha nafasi. Lazima nikate chuma ya mbele, nisogeze yote. Kesho saa hii itakuwa tayari."

"Kesho mutoto wangu atakuwa wapi?"

Mama akavuka barabara hadi kwa Benoît, muuza vipuri. Benoît alikuwa na radiateri mpya ya aluminiamu, yenye vichwa vya plastiki, iliyotengenezewa gari jingine kabisa. Ilikuwa nyembamba. Ingepita kati ya feni na chuma cha mbele bila kukata kitu. Mama aliinyanyua, akaigeuza, akainusa kweli, halafu akaomba kopo la maji. Akamimina juu, akainama kutazama chini. Maji yalitoka, lakini yalichelewa.

"Iko polepole," alisema.

"Ni juu ya njia zake, ziko ndogo, Mama," Benoît akasema bila kuficha. "Lakini ziko mingi. Kupoza, inapoza."

Sebagabo alisimama mlangoni, kofia mkononi. Mambo haya huwa anayasimulia akitazama chini. Alisema, "Mama, tungojee ile ya Michel. Hii moteri iko kubwa. Ikiharibika kule chini, tutakufa sisi bote."

Mama akamgeukia. Yeye mwenyewe anakiri alipiga kelele hadi watu wa sokoni wakageuka. "Wewe batoto bako beko Nyamitaba, banakunywa maziwa! Wangu iko Ntoto!"

Maneno hayo hayakuwa ya haki, na mama alijua. Jina la Sebagabo na sura yake vilikuwa shida kwenye barieri, vile vizuizi vya wenye silaha kule chini. Mtu wa ng'ombe, kutoka milimani, kipindi kile, angeweza kuitwa adui, akashushwa garini asipandishwe tena. Hakuna aliyemlazimisha kwenda. Sebagabo alivaa kofia yake, akabeba radiateri ya Benoît begani, akavuka barabara.

Waliifunga kwa waya na vipande vya mpira wa gurudumu, maana matundu ya skrubu hayakulingana. Mipira ya maji nayo haikulingana; wakaizungushia mpira tena, wakaikaza. Michel alifanya kazi bila kununa, na mwishoni akaweka kiganja juu ya radiateri ile.

"Sebagabo, sikia. Usiipatie maji muchafu. Matope, majani, mchanga, hapana. Hii ikifungana, hakuna muntu ataifungua mu njia."

Sebagabo akaapa. Na kiapo chake alikishika. Kila mtoni aliposimama kuchota maji, aliyachuja kwa kitenge cha mama mara mbili, hadi mama akamfokea kwamba wanachelewa.

Walipita Nyamitaba. Kanyange alitoka na kibidoni cha njano, akamkabidhi mumewe, akamshika mkono muda mrefu. Mama anasema alitazama pembeni. Anasema wakati ule ndipo alipoona aibu.

Kwenye barieri ya kwanza ya kule chini, kijana mwenye bunduki alimulika uso wa Sebagabo ndani ya kabini, ingawa ilikuwa mchana. Akauliza huyu ni wa wapi. Mama akatoa rozari yake nje ya dirisha, akaanza kumsemesha kwa sauti ya dukani, ile sauti inayomaliza watu: huyu ni shoferi yangu, namulipa mimi, anakula kwangu, mukimushusha nani ataendesha, wewe? Unajua kuendesha? Kijana akacheka kidogo. Akafungua. Sebagabo alikwenda mwendo mrefu na shati limemganda mgongoni.

Mimi nilikuwa nimekaa mbele ya duka lililofungwa, Ntoto, juu ya gunia la chumvi. Wengi walikuwa wameshaondoka kwa miguu kupitia msituni. Nilikuwa sijaondoka kwa sababu ya ujinga: nilisema moyoni, ameniweka hapa, basi nitakaa hapa, aone. Ndiyo, nilikuwa tayari kufa ili nimkomoe mama. Nami eti nasema yeye ndiye mkaidi.

Halafu nikausikia mlio wa Canter.

Sikumbuki kusimama. Nakumbuka mama akishuka kabla gari halijasimama, viatu vyake vya kanisani vikizama kwenye tope. Hakunikumbatia. Alinishika taya, akanigeuza uso huku na huku kama nyanya, akasema, "Panda."

"Na bidhaa?" nikauliza. Nilikuwa nimepanga kila kitu mlangoni, nikijua atauliza kabla ya kunisalimu.

"Bidhaa gani? Acha. Panda."

Waliopanda walikuwa watu, sio bidhaa. Mama mmoja na watoto wake, mzee mwenye fimbo, vijana wa kwaya, mjamzito aliyekaa mbele nasi. Milio ya risasi ilikuwa bado mbali, lakini haikuwa mbali kama asubuhi. Wakati watu wanapanda, Sebagabo alifungua zile kamba za mpira, akainua boneti, akachungulia. Kwenye maungio ya mpira wa juu kulikuwa na tone. Tone linaloanguka, linajaa tena, linaanguka. Mbele yetu kulikuwa na mlima wote wa kurudi Masisi, na gari limejaa.

Alikumbuka maneno ya Michel. Anasema aliyakumbuka vizuri sana: matope, majani, mchanga. Akachukua kibidoni cha njano, akamimina nusu.

Usimcheke. Kwa mtu wa Nyamitaba, kitu kilichotoka kwa ng'ombe hakiwezi kuitwa kichafu. Maji ya mto ni machafu, ndiyo maana aliyachuja. Maji ya Kanyange yalikuwa yamepita kwenye kitambaa cheupe, mikononi mwa mwanamke anayenawa kabla ya kukamua. Kama angeambiwa amwogeshe nayo mtoto mchanga, angemwogesha. Alimimina, akafanya ishara ya msalaba, akafunga boneti.

Tulianza kupanda. Mvua ya asubuhi ilikuwa imeilainisha njia, Canter inanguruma, watu nyuma wameshikana. Tulikuwa bado hatujafika nusu ya mlima mama alipoinua pua.

"Nani anapika maziwa?"

Nami niliisikia harufu hiyo: maziwa yaliyochemka yakamwagikia jikoni, tamu halafu chungu. Sindano ya joto ilikuwa inapanda. Sebagabo aliitazama, akatazama njia, akaitazama tena. Mvuke ukatoka chini ya boneti.

Alisimamisha gari. Tulishuka naye, mama na mimi. Akagusa radiateri juu, akaruka: moto. Akagusa chini, mkono ukabaki pale pale. Chini ilikuwa baridi kabisa. Maji hayakuwa yanapita. Akafungua kizibo cha chini kwa koleo, na badala ya maji yakadondoka madonge meupe, laini, yaliyoshikana.

Mama alichukua donge moja kidoleni. Akalinusa, kama anavyonusa kila kitu. Akamtazama Sebagabo.

"Mama," Sebagabo akasema, "ni maji ya fromaji. Njo dawa yetu. Sikujua njia ndogo hivi... Mama, nisamehe."

Nilingoja mama alipuke. Namjua. Nilimwona akivuta pumzi ya kulipukia. Risasi zikasikika tena nyuma yetu, na safari hii mtoto mmoja garini akaanza kulia, na mama akaitoa pumzi ile.

"Kuifungua, unaweza?"

"Hapa hapana. Wala Michel hawezi hapa."

"Tukingoja ipoe?"

"Itapoa, itapata moto tena. Mama, tukienda hivi, moteri itaungua. Itashikana. Haitapona tena."

Mama alitazama moteri. Niliona macho yake yakipita juu yake yote, pole pole, pale anapoanzia kufuta Jumamosi na pale anapomalizia. Nilitaka kusema kitu, kwa sababu moteri ile ilikuwa ya baba, nami pia nilikuwa nikimsikia baba kila iliponguruma. Kisha mama akarudi kabini, akakaa.

"Endesha," alisema.

"Mama..."

"Acha iungue. Endesha."

Sebagabo akarudisha kizibo, akaongeza maji ya mtoni yaliyobaki, akapanda. Kila mara macho yake yalikwenda kwenye sindano, na kila yalipokwenda mguu wake ulilegea. Mama akakifungua kitambaa chake cha kichwani, akakifunga juu ya ile saa ya joto, mafundo mawili.

"Hiyo usiangalie. Angalia njia."

Tulipanda. Sijui niseme vipi mlio wa moteri inayokufa. Kwanza iligonga kidogo, kisha ikagonga sana, na harufu ya maziwa ikawa harufu ya chuma na mafuta. Mjamzito aliyekaa kati yetu alinishika paja hadi kucha zikaingia. Mama alikuwa na rozari lakini hakuwa anasali; alikuwa anaisemesha moteri. Nilimsikia. Alikuwa anaiita kwa jina la baba. "Constantin, bado kidogo. Constantin, kona hii tu. Constantin, mutoto iko humu."

Kilele kilikuwa mbele yetu, ile sehemu ambapo miti ya msitu inakwisha na nyasi za ng'ombe zinaanza. Tuliivuka. Tulikwenda kidogo tu upande wa pili, halafu moteri ikapiga kelele moja ya mwisho ikashikana. Magurudumu ya nyuma yakaburuta, Sebagabo akawahi kukanyaga klachi na kutoa gia, na ghafla kukawa kimya. Nilisikia upepo. Nilisikia mtoto nyuma akijikohoza.

Gari halikusimama. Lilianza kuteremka lenyewe, zito, bila moteri, na mteremko ule wa Masisi una kona zinazojulikana kwa misalaba iliyowekwa pembeni. Breki bila moteri ni ngumu mno. Sebagabo alizikanyaga kwa miguu yote miwili, amejiinua kutoka kitini, mgongo umekwama kwenye paa la kabini, anapumua kwa mdomo. Mama akamshikia usukani kutoka upande wake kila alipohitaji kuvuta breki ya mkono. Wale wawili, waliokuwa wakigombana tangu asubuhi, waliteremsha gari lile kama watu wanaobeba kabati moja mlangoni.

Tulisimama chini kabisa, penye nyumba za kwanza, ambapo watu walikuwa wanarudisha ng'ombe zizini na mwanamke mmoja alikuwa anaanua nguo kana kwamba dunia haina habari. Sebagabo alilaza kichwa juu ya usukani, akalia. Alilia kwa sauti, mwanaume mzima. "Nimeua moteri ya mzee," alisema. "Mama, nimeiua."

Mama alishuka. Alikuwa bila kitambaa kichwani. Mvi zake zilikuwa wazi, nami sikuwa najua kwamba zimekuwa nyingi hivyo. Akatoa kibidoni cha njano nyuma ya kiti. Nusu ilikuwa imebaki. Akakifungua, akaonja kwanza bila shaka, kisha akawapa watoto, mmoja mmoja, wanywe. Walikunywa kwa pupa.

"Hii dawa yako, Papa Sebagabo, njo kazi yake," alisema. Halafu akamfungulia mlango. "Shuka. Acha gari. Hesabu bantu."

Sebagabo akajifuta uso kwa kofia. Akazunguka nyuma, akaanza kuwagusa mabegani waliokuwa wakishuka.

"Mama huyu iko. Batoto bake beko, bote. Mzee iko, na fimbo yake. Bale ba kwaya, beko. Mama mjamzito iko." Akanifikia mimi. "Na Aimée. Aimée iko."

Mama alikuwa ametugeuzia mgongo, anatazama mlima.

"Rudilia," alisema.

"Nimehesabu, Mama. Hakuna yenye alibaki."

"Rudilia, nimesema."

Akarudia. Mama huyu iko, batoto bake, mzee, bale ba kwaya, mjamzito. Aliposema "Na Aimée," mama alikaa chini kwenye nyasi na viatu vyake vya kanisani, akaufunika uso kwa mikono inayonuka mafuta na maziwa, na mwanamke aliyekuwa anaanua nguo akaacha kazi yake, akaja kukaa karibu naye. Mimi nilisimama pale nikiwa na maneno yangu yote ya hasira niliyoyatunza Ntoto. Kisha nami nikaenda, nikakaa.